Mkwaruzo wa Breki za Mbele: Vyanzo, Mitazamo na Uamuzi

Mlio wa kusaga unaotoka kwenye magurudumu ya mbele ya gari ni miongoni mwa hitilafu zinazopewa majibu yanayopingana zaidi katika gereji za Afrika Mashariki. Fundi mmoja husema kwamba pedi zimeisha na kwamba zikibadilishwa mambo yatakuwa sawa. Mwingine husema diski imeliwa, hivyo haina budi kukerezwa. Wa tatu hushauri pedi na diski zote zitolewe na kufungwa mpya. Na dereva jirani humhakikishia mwenye gari kwamba breki hulia tu, hasa msimu wa mvua, na kwamba kelele hiyo itakwisha yenyewe. Kwa kuwa kila jibu kati ya haya limewahi kuwa sahihi kwa gari fulani, mwenye gari hubaki hajui amwamini nani, na mara nyingi huishia kuchagua jibu lenye gharama nafuu kabla chanzo chenyewe hakijajulikana.

Uchambuzi huu unaeleza jinsi breki ya diski inavyofanya kazi, unapanga vyanzo vya mkwaruzo kulingana na mahali vinapozaliwa, kisha unapima nguvu na udhaifu wa kila mtazamo. Mfano unaotumika ni wa magari madogo yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, kama vile Toyota IST, Vitz na Probox, kwa sababu yameenea katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa sababu mengi kati yake yana mpangilio unaofanana: diski mbele na drumu nyuma.

Muundo wa breki ya diski

Breki ya diski ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni diski yenyewe, yaani sahani nene ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Ya pili ni pedi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje wa diski. Kila pedi ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka la msuguano, ambalo ndilo lililokusudiwa kulika. Ya tatu ni kalipa, yaani mkono wa chuma unaozikumbatia pedi hizo na kubeba pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki pale dereva anapokanyaga pedali. Kazi hiyo inafanana na ya raba za breki za baiskeli zinapoibana rimu, isipokuwa kwamba kwenye gari nguvu ni kubwa zaidi na joto ni kali zaidi.

Katika magari madogo kalipa ya mbele kwa kawaida huwa na pistoni moja tu, nayo huwa upande wa ndani. Pistoni hiyo inapoisukuma pedi ya ndani hadi kwenye diski, kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ili ibane kutoka upande wa pili. Kuachia kwake hutegemea mpira unaoizunguka pistoni, ambao hujipinda wakati wa kubana na kujinyoosha shinikizo la mafuta linapoondoka, na kwa kujinyoosha huirudisha pistoni nyuma kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo pedi haziendi mbali na diski hata mguu unapoondolewa kwenye pedali. Nafasi inayobaki ni finyu mno, na hitilafu ndogo ya pini au ya pistoni inatosha kuzifanya ziendelee kuisugua diski safari nzima.

Ukubwa wa kazi inayofanywa hapo unaonekana kwa hesabu rahisi. Gari lenye uzito wa kilo 1,000 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo inayokaribia kilojuli 250, ilhali likienda kilomita 40 kwa saa nishati hiyo ni kilojuli 62 hivi, yaani robo tu, kwa kuwa nishati hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari linaposimamishwa, karibu nishati hiyo yote hugeuzwa kuwa joto kwenye breki. Tena, gari linapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na ndiyo maana breki za mbele hubeba kati ya asilimia 60 na 80 ya kazi yote ya kusimamisha gari, na kwa kawaida huisha mapema kuliko za nyuma. Kwenye miteremko mirefu, kama ile ya Kitonga mkoani Iringa au ya kuingia Mai Mahiu nchini Kenya, joto hilo hujilimbikiza kwa sababu breki hazipati muda wa kupoa.

Kelele si jambo geni katika historia ya breki hizi. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na pedi zake za shaba, zilizosuguana na diski ya chuma moja kwa moja, zilipiga kelele kali tangu mwanzo. Ilipita nusu karne kabla breki hizo hazijapata heshima: gari la Jaguar lilizitumia kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na mwaka 1955 Citroën DS ikatoka kiwandani ikiwa na diski mbele. Katikati ya vipindi hivyo viwili mafanikio makubwa yalikuwa kupatikana kwa maada za msuguano zinazobana bila kuila diski. Tabaka hilo likiondoka, breki hurudi ilikoanzia, yaani chuma kwa chuma.

Vyanzo vya mkwaruzo

Chanzo cha kwanza, na cha hatari kuliko vyote, ni kuisha kwa tabaka la msuguano. Pedi mpya kwa kawaida huwa na tabaka la milimita 10 hadi 12, na watengenezaji wengi hushauri zibadilishwe linapobaki milimita 3 hivi. Pedi nyingi zina kijibati cha onyo ambacho hugusa diski tabaka linapokaribia kuisha na kutoa mlio mwembamba wa juu, tofauti kabisa na mlio mzito wa kusaga. Kijibati hicho hakipo kwenye kila pedi. Mara nyingi huwekwa kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu, na pedi ikifungwa vibaya hakitimizi kazi yake. Onyo hilo likikosekana au likipuuzwa, bamba la chuma la pedi hufika kwenye diski na kuichimba mifereji, na hapo ndipo mafundi husema kwamba pedi zimekula diski.

Chanzo cha pili ni kukwama kwa kalipa. Pini za kutelezea zikikauka au zikishika kutu, au pistoni ikichubuka na kushindwa kurudi, pedi moja hubeba kazi ya mbili. Mara nyingi pedi ya ndani huisha kabisa huku ya nje ikiwa bado nene, na wakati mwingine pedi hulika mshazari, upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine. Kosa linalochangia sana hali hii ni kupaka pini hizo grisi ya kawaida ya beringi, kwa kuwa grisi na mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha aina nyingi za mpira zinazotumika kwenye breki. Mpira uliovimba huishika pini, na kazi iliyokusudiwa kulainisha hugeuka kuwa chanzo cha kukwama. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki nao unaweza kuharibika kwa ndani, ukaruhusu mafuta kwenda kwenye kalipa lakini ukayazuia kurudi.

Chanzo cha tatu ni kitu kigeni au bati lililopinda. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia matope na vumbi, na katika barabara za changarawe kokoto ndogo hunasa kati ya bati hilo na diski. Mlio wake huwa mkali wa kutisha, pengine kuliko ule wa pedi zilizoisha, ingawa dawa yake ni kuitoa kokoto au kulinyoosha bati kwa mkono. Mchanga na vipande vya chuma vikijikita kwenye tabaka la pedi navyo huchora mistari kwenye diski.

Chanzo cha nne ni kutu. Chuma cha kusubu hushika kutu ya juujuu kwa usiku mmoja tu baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, na hali hii huwa ya kawaida zaidi katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi. Kutu hiyo hukwanguliwa na pedi asubuhi, breki zinapokanyagwa mara chache za kwanza, kisha kelele hukoma. Hata hivyo, gari lililosimama kwa wiki nyingi linaweza kushika kutu iliyochimba chuma, na diski ya zamani hujenga ukingo wa kutu kwenye mzingo wake wa nje, ambao pedi mpya huugusa na kuanza kukwaruza hata kama uso wa diski ni mzuri.

Chanzo cha tano ni ubora wa pedi na ufungaji wake. Pedi zenye nyuzi nyingi za chuma hustahimili joto lakini huweza kutoa mvumo mzito hata zikiwa nzima, ilhali zile za maada zisizo na chuma, ambazo magari mengi ya Japani hutoka nazo kiwandani, huwa tulivu zaidi. Kwa hiyo kelele iliyoanza siku pedi zilipobadilishwa inaweza kuwa ya aina ya pedi, ya vibanio vidogo vilivyoachwa nje, ya pedi za gari la aina nyingine zilizolazimishwa kuingia, au ya pedi iliyofungwa kinyume, bamba lake la chuma likiwa limeelekea diski.

Chanzo cha sita hakipo kwenye breki kabisa. Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma na kusaga kadiri mwendo unavyoongezeka. Jointi ya ekseli iliyolegea hugongagonga usukani unapokatwa hadi mwisho. Na mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga, unaojulikana kwa herufi ABS, hutoa mkoromo na kuidundisha pedali unapofanya kazi kwenye utelezi. Ngurumo hiyo ya mwisho ni ya kawaida, lakini imewapeleka madereva wengi gereji.

Mtazamo wa kusikiliza

Mtazamo wa kwanza hushikilia kwamba fundi mzoefu hutambua chanzo kwa sikio, kwa kuendesha gari na kuusikiliza mlio katika hali mbalimbali. Mtazamo huu una msingi. Mlio unaotokea pale tu breki zinapokanyagwa huelekeza kwenye nyuso za msuguano, yaani pedi na diski. Mlio mwembamba unaosikika gari likitembea na kukoma breki zinapokanyagwa mara nyingi ni wa kijibati cha onyo. Mlio wa mfululizo usiojali pedali huelekeza kwenye kokoto, bati la vumbi au beringi. Na ukizidi gari linapopinda kushoto kwa mwendo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa kuwa wakati huo uzito umeegemea kulia. Ukisikika asubuhi na kutoweka baada ya breki kukanyagwa mara chache, kutu ndiyo ya kutajwa mwanzo.

Faida ya njia hii ni kwamba haigharimu kitu na huipunguza orodha ya washukiwa kwa dakika chache. Udhaifu wake ni kwamba sauti husafiri kupitia ekseli na bodi, kiasi kwamba dereva huweza kuapa kwamba mlio uko kushoto ilhali uko kulia, au kwamba uko mbele ilhali ni wa drumu za nyuma. Zaidi ya hayo, sikio haliwezi kusema ni milimita ngapi zimebaki, wala haliwezi kueleza kwa nini pedi imeisha. Kusikiliza kunafaa kuanzisha uchunguzi, na kunapoteza thamani kunapotumiwa kuuhitimisha.

Mtazamo wa kubadilisha pedi pekee

Mtazamo wa pili ndio ulioenea zaidi: gari likisaga, pedi zitolewe na mpya zifungwe. Nguvu yake ni kwamba pedi ndicho kipuri kilichokusudiwa kuisha, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya spea ya Kariakoo au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na kazi ya kuzifunga huchukua muda mfupi. Pale ambapo pedi zote nne zimelika kwa usawa, diski ni laini na nene ya kutosha, na pini zinateleza vizuri, uamuzi huu unatosha.

Udhaifu wake hujitokeza pale pedi zinapobadilishwa bila kuulizwa zilivyoisha. Pedi mpya zikifungwa juu ya diski yenye mifereji, hugusana nayo kwenye matuta tu mwanzoni, hivyo eneo la kubana huwa dogo, joto hujikusanya mahali pachache, na tabaka jipya huliwa haraka. Zikifungwa kwenye kalipa iliyokwama, pedi ya ndani itaisha tena kabla ya wakati wake. Mwenye gari hununua pedi mara mbili au tatu na kulaumu ubora wake, ilhali kosa limelala kwenye pini ambayo ingesafishwa na kupakwa grisi inayofaa kwa gharama ndogo kuliko pedi zenyewe.

Mtazamo wa kukereza diski

Mtazamo wa tatu husema diski yenye mifereji au inayoidundisha pedali irudishwe kwenye unyoofu kwa mashine ya kerezo, yaani ile inayokizungusha chuma huku kisu kikikichonga. Hoja yake kuu ni kwamba diski iliyotoka na gari kiwandani mara nyingi ni ya chuma bora, na kuiokoa ni busara kuliko kuitupa na kununua mbadala wa asili isiyojulikana. Uso uliokerezwa vizuri huzipa pedi mpya mahali pa kukaa sawasawa.

Hata hivyo, kila kukereza huondoa chuma, na chuma hicho ndicho kinachobeba joto. Kila diski ina unene wa chini unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umepigwa chapa kwenye diski yenyewe kwa herufi MIN TH zikifuatwa na tarakimu za milimita. Ichukuliwe diski iliyoanza na unene wa milimita 22 huku kikomo chake kikiwa milimita 20. Ikiwa na mifereji ya kina cha milimita 0.8 kila upande, kuinyoosha kutaondoa jumla ya milimita 1.6 na kubakiza unene wa milimita 20.4, yaani akiba ya milimita 0.4 tu kabla haijawa haramu kutumika. Diski kama hiyo itakuwa imelipiwa kazi ya kerezo, kisha itahitaji kubadilishwa muda mfupi baadaye. Tatizo jingine ni unyoofu: diski ikikerezwa ikiwa imetolewa, kisha ikarudishwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, itayumba kidogo inapozunguka. Kwa magari mengi madogo mkengeuko unaovumiliwa ni sehemu ndogo tu ya milimita moja, kwa kawaida kati ya milimita 0.05 na 0.1, hivyo punje ya kutu kati ya diski na habu inatosha kuiharibu kazi nzima.

Mtazamo wa kubadilisha seti nzima

Mtazamo wa nne hutetea kufunga pedi na diski mpya kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa wakati mmoja. Sehemu moja ya hoja hii haina mjadala: chochote kinachobadilishwa kwenye gurudumu moja la mbele, iwe pedi au diski, kinapaswa kubadilishwa na upande wa pili pia, kwa sababu tofauti ya msuguano kati ya kushoto na kulia hulivuta gari upande mmoja linapofunga breki. Seti mpya pia huondoa shaka kuhusu unene na mifereji kwa mkupuo mmoja.

Lakini upya wa vipuri hauponyi kalipa iliyokwama, na seti nzima iliyofungwa kwenye kalipa mbovu ni hasara kubwa kuliko pedi peke yake. Aidha, diski nzuri zenye mistari midogo isiyo na madhara hutupwa bila sababu. Hatari nyingine ni vipuri bandia, ambavyo vimevaa maboksi ya majina makubwa, pamoja na diski zilizotumika zinazouzwa kama spea za mtumba zikiwa tayari zimekaribia kikomo chake. Diski ya mtumba huweza kufaa, mradi ipimwe kabla ya fedha kutolewa.

Mtazamo wa kuvumilia

Mtazamo wa tano huiona kelele kuwa jambo la kawaida, na mara nyingine huifunika kwa kuzisugua pedi kwa msasa, kuzikata mfereji kwa msumeno, au hata kupaka grisi. Ni kweli kwamba kutu ya asubuhi, ABS na aina fulani za pedi hutoa sauti isiyo na hatari, na kwamba kubadilisha vipuri kwa sababu ya sauti hizo ni kupoteza fedha. Ni kweli pia kwamba watengenezaji wengine huweka grisi maalumu nyuma ya bamba la pedi ili kuzuia mtetemo. Lakini grisi au mafuta yakigusa uso wa msuguano, breki hupoteza nguvu yake papo hapo.

Gharama ya kuvumilia mkwaruzo wa chuma kwa chuma huenda mbali kuliko diski. Kadiri pedi na diski zinavyopungua, pistoni hutoka nje zaidi ili kuzifikia; ikipita mpaka wake, mafuta huvuja na mkondo huo wa breki hupoteza shinikizo. Magari ya kisasa yana mikondo miwili ya mafuta ili mmoja ukifa mwingine ubaki, lakini dereva atakuwa na sehemu tu ya nguvu aliyoizoea, na atagundua hivyo siku anapoihitaji yote.

Kwa nini majibu hugongana

Majibu haya hugongana kwa sababu yanajibu maswali tofauti. Anayesikiliza anajibu swali la mahali mlio ulipo. Anayebadilisha pedi anajibu swali la kipi kimeisha. Anayekereza anajibu swali la hali ya diski. Anayebadilisha seti anajibu swali la jinsi ya kuondoa shaka. Na anayevumilia anajibu swali la gharama ya leo. Swali ambalo kila mmoja huweza kuliruka ni lile la sababu, yaani kwa nini pedi hii imeisha kwa namna hii na kwa wakati huu.

Mazingira ya kazi huchangia. Malipo kwa kawaida hutolewa kwa kipuri kilichofungwa, wala si kwa saa ya uchunguzi, kwa hiyo fundi anayechunguza kwa uangalifu na kugundua kokoto hupata malipo madogo kuliko aliyeuza pedi. Mteja naye husubiri pembeni akihimiza haraka. Aidha, wengi huridhika kuchungulia kati ya matundu ya rimu, ilhali kutoka hapo inayoonekana vizuri ni pedi ya nje, na pedi inayoisha mapema mara nyingi ni ya ndani.

Kupima hoja: utaratibu unaofaa

Hoja zote zikiwekwa pamoja, uzito unaangukia upande wa uchunguzi unaofuata mpangilio, ambao huanza na sikio, ukaenda kwenye jicho, na kumalizikia kwenye kipimo. Kabla ya kuinua gari, kopo la mafuta ya breki huangaliwa. Mafuta hushuka polepole pedi zinapolika kwa kuwa hujaza nafasi iliyoachwa na pistoni, na taa ya breki inayowaka gari likipinda au likifunga breki huweza kuwa dalili ya kiwango hicho kushuka. Kuongeza mafuta bila kuziangalia pedi huificha dalili, na pistoni zitakaporudishwa nyuma kwa ajili ya pedi mpya mafuta hayo yatafurika, nayo huharibu rangi ya gari. Kiwango kikishuka ilhali pedi ni nene, kuna mahali panapovuja.

Gari likishainuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake haitoshi, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa ili kuipima beringi, kisha huzungushwa kwa mkono ili kusikia kama kuna kinachosugua. Rimu ikitolewa, pedi zote mbili za kila upande huangaliwa na kulinganishwa: ulikaji sawa kwa zote nne huashiria umri tu, pedi ya ndani iliyoisha peke yake huashiria pini au pistoni, ulikaji wa mshazari huashiria pini moja iliyokwama au pedi iliyobanwa kwenye makazi yake, na upande mmoja wa gari kuisha kabla ya mwingine huielekeza lawama kwenye kalipa au mpira wa mafuta wa upande huo. Kalipa iliyong'ang'ania hupimwa kwa kulegeza nati ya kutolea upepo: ikiachia mara moja, mafuta yalikuwa yamezuiwa kurudi, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza; isipoachia, tatizo liko kwenye pistoni au pini. Upepo hutolewa kwenye mfumo baada ya kipimo hicho.

Unene wa diski hupimwa kwa maikromita katika sehemu kadhaa za mzunguko wake. Venia ya kawaida huweza kudanganya, kwa sababu taya zake hukaa juu ya ukingo wa nje usioliwa na kusoma unene mkubwa kuliko ule wa sehemu inayofanya kazi. Vumbi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana ni hatari kwa mapafu, hasa likitoka kwenye pedi zisizojulikana, ambazo huenda zina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Petroli nayo isitumike kuoshea, kwa kuwa hushika moto upesi na huiharibu mipira ya kalipa.

Baada ya vipimo hivyo, kila mtazamo hupata mahali pake. Pedi pekee zinatosha diski ikiwa laini na nene, na ulikaji ukiwa sawa. Kukereza kunafaa pale ambapo hesabu inaonyesha kwamba akiba ya kutosha itabaki juu ya kikomo. Diski mpya ni lazima kikomo kikishafikiwa au ufa ukionekana. Kuvumilia kunaruhusiwa tu pale chanzo kilipothibitishwa kuwa kutu ya juujuu, ABS au aina ya pedi. Na katika kila hali, pini husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, habu hufutwa kutu, na pedi mpya huzoeshwa kwa kupunguza mwendo kwa wastani mara kadhaa kabla ya kutakiwa kusimamisha gari ghafla.

Hitimisho

Mkwaruzo wa breki za mbele una vyanzo sita vikuu, kuanzia kokoto isiyo na gharama hadi pedi zilizoisha na kuanza kuila diski, na vyanzo hivyo huweza kutoa sauti zinazokaribiana sana. Kusikiliza huelekeza mahali pa kutazama. Kubadilisha pedi, kukereza na kufunga seti mpya ni tiba halali, kila moja kwa hali yake, na zote hushindwa zikitangulia uchunguzi. Uvumilivu unafaa kwa kelele iliyokwisha kujulikana tu. Hukumu inayotokana na kupima hoja hizi ni kwamba kazi ya thamani kubwa kuliko zote ni ile ya kuondoa magurudumu yote mawili ya mbele, kulinganisha pedi nne na kupima diski mbili kabla kipuri chochote hakijanunuliwa, na kazi hiyo inastahili kulipwa hata kama mwisho wake ni kokoto iliyotolewa kwa kidole.

Kwa mwenye gari, hatua za kuchukua ni chache na wazi. Aombe kuonyeshwa pedi za zamani, za ndani na za nje, na aulize kwa nini zimeisha zilivyoisha. Akisikia mlio wa kusaga pamoja na pedali kushuka chini, taa ya breki kuwaka, harufu ya kuungua au gari kuvuta upande mmoja, asiendelee na safari. Aliegeshe gari mahali salama na amwite fundi alipo.